Nafasi ni ya Nchi, Klabu Huijaza Tu: Majibu ya Maswali Yenu kuhusu Tiketi za Ulaya

Tangu mfumo mpya wa mashindano ya klabu za Ulaya uanze msimu wa 2024/25, maswali yenu yamekuwa mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nani anaamua klabu ipi icheze Ligi ya Mabingwa, ipi Ligi ya Europa na ipi Ligi ya Konferensi? Kila moja kati ya hizo ina timu 36 katika hatua ya ligi, yaani hatua kuu inayofuata raundi za awali za mchujo, na wanaozigombania wanatoka katika mashirikisho 55 yaliyo wanachama wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Tumechagua maswali yanayogusa pale ambapo hesabu huwachanganya wengi.

Swali: Tottenham walimaliza ligi ya England 2024/25 wakiwa wa 17, chupuchupu washuke daraja, kisha tukawaona Ligi ya Mabingwa. Manchester United walikuwa juu yao, wa 15, lakini hawakucheza Ulaya kabisa. Haki iko wapi?

Milango ya kuingilia Ulaya ni mitatu: msimamo wa ligi, kombe la nyumbani, na ubingwa wa Ulaya wenyewe. Tottenham waliingilia mlango wa tatu. Tarehe 21 Mei 2025, mjini Bilbao, waliifunga Manchester United hiyo hiyo bao 1-0 katika fainali ya Ligi ya Europa. Bingwa wa Ligi ya Europa hupewa nafasi katika Ligi ya Mabingwa ya msimu unaofuata, awe amemaliza ligi ya kwao nafasi yoyote ile. Aliyefungwa fainali hapewi kitu. United walikuwa wamebakiwa na mechi hiyo moja ya kuokoa msimu wao, na wakaipoteza.

Muhimu zaidi, nafasi ya bingwa wa Ulaya haikatwi kwenye fungu la nchi yake. England ina nafasi nne za Ligi ya Mabingwa kupitia ligi. Msimu huo iliongezewa ya tano (sababu yake ipo katika jibu linalofuata), na Tottenham wakawa wa sita. Liverpool, Arsenal, Manchester City, Chelsea na Newcastle hawakupokonywa chochote.

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 2012 Chelsea walitwaa Ligi ya Mabingwa huku wakiwa wamemaliza wa sita nyumbani. Wakati huo nchi haikuruhusiwa kuzidisha timu nne, kwa hiyo Tottenham waliokuwa wa nne kwa haki kabisa walisukumwa hadi Ligi ya Europa. Kwa maoni yetu ule ulikuwa uonevu wa wazi, na ni vizuri umeondoka. Kwa kanuni za sasa nchi kubwa yaweza kufikisha hata timu saba katika Ligi ya Mabingwa: nne za ligi, moja ya nyongeza, na mabingwa wawili watetezi waliomaliza nje ya nafasi hizo.

Na bingwa mtetezi akiwa tayari amefuzu kupitia ligi ya kwao? Hapo wengi hudhani nafasi inayobaki inashuka kwa timu inayofuata katika nchi yake. Sivyo. Inavuka mpaka. Nafasi ya bingwa wa Ligi ya Mabingwa huenda kwa bingwa wa nchi ambaye klabu yake ina kiwango cha juu zaidi (pointi zake za Ulaya za misimu mitano) miongoni mwa wale waliopangwa kuanzia mchujo, na ile ya bingwa wa Ligi ya Europa huenda kwa klabu yenye kiwango cha juu zaidi katika mchujo wa wasio mabingwa. Ndiyo maana mwaka 2024, Real Madrid na Atalanta walipotwaa mataji hayo mawili wakiwa wamefuzu pia nyumbani, walionufaika ni Shakhtar Donetsk na Benfica. Mwaka 2025 PSG waliwapa Olympiacos zawadi ya namna hiyo hiyo.

Swali: Naomba mnieleze hesabu ya viwango vya nchi kwa namba, siyo kwa maneno. Kila mchambuzi anasema "Italia iko juu, Hispania imeshuka" lakini hatuoneshwi inavyopigwa.

Tuipige pamoja.

Kila klabu inayocheza Ulaya hukusanya pointi kwa niaba ya nchi yake. Kuanzia hatua ya ligi hadi fainali, ushindi ni pointi 2 na sare ni pointi 1. Katika mchujo hugawanywa nusu: ushindi 1, sare 0.5. Mechi ikifika dakika 120, matokeo ya dakika hizo ndiyo yanayohesabiwa. Mikwaju ya penalti haibadilishi kitu. Timu iliyotolewa kwa matuta baada ya sare huchukua pointi za sare kama mwenzake.

Juu ya hapo kuna pointi za ziada. Kufika tu hatua ya ligi ya Ligi ya Mabingwa ni pointi 6, hata ukiburuza mkia. Wanaomaliza wa 25 hadi wa 36 hubaki na 6 hizo. Kuanzia wa 24 kwenda juu huongezwa 0.25 kwa kila ngazi, hadi kinara anayeondoka na 12. Kisha, kwa kila hatua kuanzia 16 bora, Ligi ya Mabingwa hutoa 1.5, Ligi ya Europa 1 na Ligi ya Konferensi 0.5.

Mfano ni Liverpool wa 2024/25. Katika mechi nane za hatua ya ligi walishinda saba na kupoteza moja: pointi 14. Wakawa vinara: pointi 12. Wakaingia 16 bora: 1.5. Huko waliwafunga PSG 1-0 ugenini, wakafungwa 1-0 nyumbani, kisha wakatolewa kwa matuta: pointi 2 za ule ushindi mmoja. Jumla 29.5.

England haikupata 29.5 hizo zote. Pointi za klabu zote za nchi hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya klabu ambazo nchi ilianza nazo msimu huo. England ilianza na klabu saba, kwa hiyo kazi yote ya Liverpool iliiongezea nchi pointi 4.214. Kigawanyo hakipungui katikati ya msimu. Klabu iliyotolewa mwezi Agosti bado inahesabiwa chini ya mstari hadi Mei.

Hapa ndipo mashabiki wengi wa Italia waliposhangaa mwaka 2025. Klabu nane za Italia zilikusanya pointi 175. Klabu saba za Hispania zilikusanya 167.25. Italia ilikuwa na pointi nyingi zaidi, sivyo? Lakini 175 ukigawa kwa 8 unapata 21.875, na 167.25 ukigawa kwa 7 unapata 23.892. Hispania ikawa ya pili nyuma ya England iliyokuwa na 29.464, na Italia ya tatu. Tazameni pia kwamba 167.25 gawa kwa 7 ni 23.8928, lakini UEFA wanaandika 23.892. Namba baada ya desimali ya tatu hukatwa tu, haikadiriwi kwenda juu. Mkipiga hesabu nyumbani mkaona tofauti ya 0.001, chanzo ni hicho.

Kila msimu huwa na alama yake kama hiyo, na kiwango cha nchi ni jumla ya misimu mitano. Msimu mpya ukiingia, wa zamani kabisa unadondoka. Kwa hiyo nchi yaweza kushuka ngazi hata ikiwa na msimu mzuri, kwa sababu tu imepoteza msimu mwingine mzuri zaidi wa miaka mitano iliyopita.

Kwa nchi ndogo hesabu hii ina uchungu na utamu wake. Nchi yenye klabu nne hupata 0.5 kwa ushindi mmoja wa hatua ya ligi, wakati England yenye klabu tisa, kama ilivyokuwa 2025/26, hupata 0.222. Klabu moja ikifanya vizuri nchi nzima inapanda. Lakini klabu tatu zikitolewa mwezi Julai, zinaburuta ile moja chini.

Swali: Nafasi ya tano ya Ligi ya Mabingwa inatoka wapi, na kwa nini mwaka mmoja ni ya Italia na Ujerumani, mwingine ya England na Hispania?

Kila mwaka nchi mbili zilizopata alama ya juu kuliko nyingine katika msimu mmoja uliomalizika huongezewa nafasi moja moja. Msimu wa 2023/24 zilikuwa Italia na Ujerumani. Bologna na Borussia Dortmund, wote wa tano katika ligi zao, wakaingia Ligi ya Mabingwa moja kwa moja. Msimu wa 2024/25 zikawa England na Hispania, na wa tano wao walikuwa Newcastle na Villarreal.

Kuna mahali ambapo watu hujikwaa. Nafasi za kawaida za nchi, yaani nani ana nne, nani ana mbili, nani bingwa wake anaanzia mchujo, hupangwa kwa jumla ya misimu mitano, tena iliyoishia mwaka mmoja nyuma. Mgawo wa 2025/26 ulitumia viwango vilivyofungwa mwisho wa 2023/24. Ucheleweshaji huo ni wa makusudi: klabu inapoanza ligi mwezi Agosti inatakiwa ijue tayari nafasi ya tatu au ya nne ina thamani gani. Nafasi ya nyongeza haina muda huo wa kusubiri. Inaamuliwa na msimu ule ule unaochezwa, na wakati mwingine haijulikani mpaka nusu fainali.

Nyongeza hiyo humwendea aliye juu zaidi katika msimamo ambaye hajafuzu moja kwa moja. Neno "hajafuzu" lina uzito. Mwaka 2024 Atalanta waliokuwa wametwaa Ligi ya Europa wangemaliza wa tano Italia, nyongeza ingeshuka kwa Roma waliokuwa wa sita, na Italia ingekuwa na timu sita. Atalanta walimaliza wa nne, na Roma wakaenda Ligi ya Europa. Klabu moja kupanda ngazi moja, klabu nyingine ikakosa Ligi ya Mabingwa bila kugusa mpira.

Swali: Jedwali la nani anaingia moja kwa moja likoje?

Kwa mzunguko wa 2024 hadi 2027, timu 29 kati ya 36 huingia Ligi ya Mabingwa bila mchujo. Nchi nne za juu hutoa nne nne, jumla 16. Nchi ya tano hutoa tatu, ya sita mbili, na ya saba hadi ya kumi hutoa bingwa wao tu, mmoja mmoja. Ongeza mabingwa watetezi wawili na nafasi mbili za nyongeza, utafika 29. Saba waliobaki hutoka mchujo: watano kwa njia ya mabingwa, wawili kwa njia ya ligi, yaani ya wale walioshika nafasi za juu bila ubingwa.

Njia ya ligi ndiyo nyembamba kuliko zote. Mwaka 2025 Nice, wa nne Ufaransa, na Feyenoord, wa tatu Uholanzi, walianzia raundi ya tatu. Nice wakatolewa na Benfica, Feyenoord na Fenerbahçe. Wote wawili wakaangukia hatua ya ligi ya Ligi ya Europa.

Swali: Bingwa wa kombe akiwa tayari yuko nne bora, kwa nini nafasi yake haiendi kwa aliyefungwa fainali?

Ilikuwa ikienda. Mwaka 2014 Hull City walifungwa na Arsenal fainali ya Kombe la FA, na kwa kuwa Arsenal walikuwa wamefuzu Ligi ya Mabingwa, Hull wakaenda Ligi ya Europa. Tangu msimu wa 2015/16 kanuni imebadilika: nafasi inarudi kwenye ligi na kuteremka kwa anayefuata katika msimamo.

Mtiririko huo unaonekana vizuri Hispania mwaka 2025. Barcelona walitwaa ligi na Kombe la Mfalme, kwa hiyo nafasi ya kombe ikarudi kwenye msimamo. Wakati huo huo nyongeza ilikuwa imempeleka wa tano Ligi ya Mabingwa. Ngazi zote zikasogea: Betis wa sita na Celta wa saba wakaingia Ligi ya Europa, na Rayo Vallecano wa nane wakapata Ligi ya Konferensi. Kwa kawaida, anayepata Konferensi Hispania ni wa sita. Shabiki wa klabu iliyo ya nane mwezi Machi anapaswa kufuatilia Kombe la Mfalme kuliko mechi zake mwenyewe.

England wana tabia ya pekee miongoni mwa ligi kubwa, kwa sababu wana makombe mawili yenye tiketi. Kombe la FA hutoa Ligi ya Europa, na Kombe la Carabao, yaani Kombe la Ligi, hutoa raundi ya mwisho ya mchujo wa Ligi ya Konferensi. Makombe ya ufunguzi, yale ya bingwa wa ligi dhidi ya bingwa wa kombe, hayatoi tiketi yoyote popote.

Na bingwa wa kombe hanyang'anywi nafasi kwa kuwa chini katika ligi. Mwaka 2025 Bologna walimaliza wa tisa Italia na Milan wa nane, lakini Bologna waliwafunga Milan 1-0 katika fainali ya kombe. Wa tisa akaenda Ulaya, wa nane akabaki nyumbani. Hata kushuka daraja hakufuti haki hiyo. Wigan walitwaa Kombe la FA mwaka 2013, wakashuka daraja siku chache baadaye, na msimu uliofuata wakacheza Ligi ya Europa wakiwa daraja la pili.

Swali: Klabu kutoka nchi ndogo ina nafasi ya kweli, au mchujo ni mapambo tu?

Ina nafasi ya kweli. Njia ndefu tu.

Mtazameni Kairat Almaty wa Kazakhstan mwaka 2025. Walianza raundi ya kwanza mwezi Julai, wakati klabu kubwa bado zipo mapumzikoni. Waliwatoa Olimpija Ljubljana, kisha KuPS wa Finland, kisha Slovan Bratislava, na mwisho wakakutana na Celtic. Mechi ya kwanza 0-0. Marudiano 0-0, dakika 120 zikaisha bila bao, na Kairat wakashinda kwa matuta 3-2. Mechi nane kabla Agosti haijaisha, na mwezi Septemba Real Madrid wakalazimika kusafiri hadi Almaty.

Wanaopanga njia hizi wamefanya jambo moja la busara: mabingwa hukutana na mabingwa wenzao peke yao. Bingwa wa nchi ya thelathini hatapangwa mchujo na wa nne wa Ufaransa. Bila ukuta huo nafasi zile tano zingemezwa na nchi kubwa kila mwaka.

Jambo la pili ni nyavu za kumdaka anayeanguka, na hizi ndizo zinazofaa kukaririwa na kila shabiki wa nchi ndogo. Bingwa akitolewa raundi ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, anaangukia raundi ya pili ya mchujo wa Konferensi. Akitolewa raundi ya pili, anaangukia raundi ya tatu ya Europa. Akitolewa raundi ya tatu, anaangukia raundi ya mwisho ya Europa. Akitolewa raundi ya mwisho, anaingia moja kwa moja hatua ya ligi ya Europa. Na anayetolewa raundi ya mwisho ya Europa anaingia hatua ya ligi ya Konferensi. Fuateni mnyororo huo: bingwa akifika raundi ya tatu tu, tayari ana uhakika wa kucheza hatua ya ligi mahali fulani hata asiposhinda tena.

Wahanga wa Kairat wanathibitisha. Celtic walicheza Ligi ya Europa. Slovan walianguka raundi ya tatu, wakatolewa tena na Young Boys, na bado wakacheza Konferensi. KuPS walianguka mapema zaidi, na hivyo iliwabidi washinde raundi ya tatu ya mchujo wa Europa ili wawe na uhakika wa kuingia hatua ya ligi. Walishinda, wakatolewa raundi ya mwisho, na wakacheza Konferensi.

Kosa la kawaida la klabu ndogo ni kukosa kiwango chake yenyewe, na hapa msichanganye kiwango cha nchi na cha klabu. Kiwango cha nchi huamua unaanzia raundi ipi. Kiwango cha klabu, ambacho ni pointi zake za misimu mitano au asilimia 20 ya kiwango cha nchi yake, chochote kilicho kikubwa, huamua kama droo itakupa mpinzani mgumu au laini. Klabu iliyoingia Ulaya mara ya kwanza huanza na ile asilimia 20, na katika nchi ndogo hiyo ni karibu na patupu. Kwa hiyo hupangwa na vigogo wa mchujo moja kwa moja.

Swali: Monaco ni nchi yake lakini inaiwakilisha Ufaransa. Vaduz inacheza ligi ya Uswisi lakini inaiwakilisha Liechtenstein. Mbona kanuni mbili?

Kanuni ni moja: unawakilisha shirikisho ambalo mashindano yake yamekupa tiketi. Monaco haina shirikisho ndani ya UEFA, na klabu yake hufuzu kupitia ligi ya Ufaransa, kwa hiyo inajaza nafasi ya Ufaransa. Liechtenstein ina shirikisho lakini haina ligi. Klabu zake hucheza Uswisi, ila zina kombe lao, na bingwa wa kombe hilo ndiye mwenye tiketi ya Ligi ya Konferensi. Vaduz wakimaliza juu katika ligi ya Uswisi hawapewi nafasi ya Uswisi. Kwa njia yao hiyo ya kombe walifika hatua ya makundi ya Konferensi msimu wa 2022/23, klabu ya kwanza ya Liechtenstein kufanya hivyo.

Wales inaonesha pande zote mbili. Swansea, mji wa Wales, walitwaa Kombe la Ligi la England mwaka 2013 na wakaenda Ligi ya Europa kwa nafasi ya England. The New Saints, ambao uwanja wao upo Oswestry ndani ya England, hucheza ligi ya Wales na kujaza nafasi ya Wales. Uwanja wa nyumbani hauna kura katika jambo hili.

Swali: Crystal Palace walitwaa Kombe la FA halafu wakashushwa hadi Konferensi. Klabu yaweza kushinda uwanjani na kupoteza mezani?

Yaweza, na ndilo fundisho chungu kuliko yote mwaka 2025. Palace waliwafunga Manchester City 1-0 katika fainali, na hilo liliwapa Ligi ya Europa. Lakini kanuni za UEFA, kifungu cha 5, hazimruhusu mtu mmoja kuwa na sauti ya maamuzi katika klabu mbili zinazocheza shindano moja. John Textor alikuwa na hisa Palace na pia alikuwa na udhibiti wa Lyon, ambao nao walifuzu Ligi ya Europa. Muundo wa umiliki ulitakiwa uwe umesafishwa kufikia tarehe 1 Machi 2025. Haukuwa. Klabu mbili zikigongana hivyo, mojawapo ya vigezo ni nafasi katika ligi ya nyumbani: Lyon walikuwa wa sita Ufaransa, Palace wa 12 England. Palace wakapelekwa Konferensi, Nottingham Forest wakachukua nafasi yao, na rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikatupwa Agosti.

Ubaya wa tarehe hiyo ni kwamba mwezi Machi klabu ya katikati ya msimamo haijui kama itatwaa kombe miezi miwili baadaye. Tunaamini kanuni yenyewe ni ya haki, kwa sababu bila hiyo mechi mbili za ndugu wa mmiliki mmoja zingetiliwa shaka. Ila wachezaji na mashabiki wa Palace walilipia kosa ambalo hawakulitenda wao. Drogheda United, mabingwa wa kombe la Ireland, walipata pigo zito zaidi mwaka huo huo. Mmiliki wao alikuwa pia na klabu ya Denmark iliyofuzu Konferensi, na kwa kuwa hakuna shindano la chini ya hilo la kuwashushia, waliondolewa kabisa.

Zaidi ya umiliki kuna leseni. Kila klabu lazima iwe na leseni ya UEFA, na anayeitoa ni shirikisho la nchi au ligi iliyokasimiwa kazi hiyo. Hukaguliwa uwanja, akademia ya vijana, diploma ya kocha mkuu, hati za kisheria na vitabu vya fedha. Kinachowaangusha wengi ni madeni yaliyopitisha muda: mishahara ya wachezaji, kodi, na fedha za uhamisho ambazo klabu nyingine inadai. Kwa klabu kubwa kuna pia dari ya gharama ya kikosi, ambayo tangu 2025/26 haitakiwi kuzidi asilimia 70 ya mapato. Klabu ikinyimwa leseni, anayefuata katika msimamo wa ligi hiyo hiyo huchukua nafasi. Milan walipoondolewa Ligi ya Europa 2019/20 kwa sababu za fedha, Roma waliokuwa waanzie mchujo wakapandishwa hatua ya makundi, na Torino waliokuwa wa saba wakapata tiketi.

Swali: Timu ikitolewa Ligi ya Mabingwa mwezi Januari, bado inahamia Ligi ya Europa?

Hapana, mlango huo ulifungwa msimu wa 2024/25. Kuanguka kutoka shindano moja hadi jingine kumebaki kwenye mchujo wa Julai na Agosti tu. Hatua ya ligi ikiisha, wanane wa kwanza huenda 16 bora moja kwa moja, wa 9 hadi wa 24 hucheza mtoano wa nyumbani na ugenini kugombea nafasi nane zilizobaki, na wa 25 kwenda chini msimu wao wa Ulaya umeisha. Pointi walizokusanya zinabaki kwenye hesabu ya nchi yao kwa miaka mitano.